Tani Kumi Juu ya Kitanda cha Mama

Siku tangi lilipopandishwa juu ya paa, wapangaji walimpigia dobi makofi. Mafundi sita walilivuta kwa kamba, jeusi, pana kama chumba, likigonga ukuta kila ghorofa na kubandua rangi njiani. Lilipotua juu ya kitako chake cha matofali, watu wa vyumba kumi na viwili walishangilia uani mpaka wapita njia wakachungulia getini. Muuza nyama wa chini, ambaye wote humwita Kulabu, akamnyooshea dobi kidole, akasema, "Kuanzia leo huyu ni Mama Tangi." Jina likashika pale pale.

Alilistahili. Wiki tatu kabla, ardhi ilikuwa imetikisika asubuhi moja, sekunde tano tu, vikombe vikaanguka na watoto wakalia. Redio ikatangaza kwamba wananchi wajiandae: wawe na tochi, wawe na dawa za majeraha, wawe na akiba ya maji. Nyumba ile ya ghorofa tatu ilikuwa na bomba moja uani, linalotoa maji siku mbili kwa wiki. Dobi akaandika barua, akatia saini ya kwanza, akazunguka chumba kwa chumba kutafuta nyingine, kisha akaongoza watu wanane hadi kwa mwenye nyumba.

Huyo wanamwita Bwana Rangi. Kwa miaka kumi na minne, kila ufa ulipotokea ukutani alileta kopo la rangi. Aliwasimamisha juani saa mbili nzima huku yeye akinywa chai dirishani, wakimwona. Wengine walianza kuguna kwamba wana kazi. Dobi hakubanduka. Mwisho mtu yule akatoka na kusema haya, tangi mtapata, la lita elfu kumi, pampu itafungwa nyuma ya bucha, na kodi itapanda. Walikubali bila kubishana, maana katika miaka hiyo yote hakuna mpangaji aliyewahi kumwomba kitu akakipata.

Redio ilisema wekeni maji. Haikusema wapi. Walioandika tangazo lile maji yao hutoka ukutani, na akiba kwao ni chupa mbili tatu za kabatini.

Ijumaa alikuja mpimaji. Ni msichana wa kituo cha kupimia matetemeko nje ya mji, na kila wiki huleta ovaroli zake na za wenzake zifuliwe. Siku zote hupanda hadi juu ya paa, ambako dobi hufua na kuanika. Siku hiyo hakuziulizia ovaroli.

"Mama, hili limekuja lini?"

"Jumanne." Dobi alijifuta povu mikononi. "Nimelipigania mimi, mwanangu. Mmetuambia tuweke akiba, tumeweka."

Mpimaji alilizunguka tangi. Akaligonga kwa kiganja kusikia maji yamefika wapi, akainama kukitazama kitako. Matofali yalikuwa yamepangwa tu, hayakufungwa na kitu.

"Linachukua kiasi gani?"

"Lita elfu kumi."

"Na lita moja ni kilo moja."

"Ndoo nabeba tangu nina miaka saba, hilo hunifundishi."

"Basi piga hesabu, mama."

Dobi akapiga. Tani kumi. Malori mawili ya mchanga.

"Na chini yake hapa kuna chumba cha nani?" mpimaji akauliza.

"Chetu. Kitanda cha mama mkwe wangu kipo hapa hasa." Alionyesha kwa mguu. "Miguu yake ilikufa miaka minne iliyopita. Hatoki kitandani asipobebwa."

Mpimaji aliketi juu ya beseni lililopinduliwa. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alisema gamba la dunia limevunjika vipande vikubwa, na vipande hivyo havitulii, vinasukumana polepole kama kucha inavyoota. Vinaposhikana mahali, msukumo haukomi. Unajikusanya miaka na miaka ndani ya miamba, mpaka siku miamba inashindwa na kuteleza ghafla. Ule mtelezo ndio tetemeko.

"Na lile la juzi?"

"Huenda lilikuwa lote. Huenda lilikuwa la kupiga hodi. Siku hakuna anayeijua, mama, na atakayekutajia siku anakudanganya. Tunachojua ni mahali, na mahali penyewe ni hapa."

"Haya. Na tangi?"

"Ardhi ikienda upande, chini ya nyumba kunakwenda nayo. Kilicho juu, tena kizito, kinabaki nyuma. Ardhi ikirudi, cha juu ndiyo kwanza kinakuja. Nguzo ziko katikati, zinavutwa huku na huku. Uzito ukizidi juu, nguzo zinakatika. Na zenu hizi..." Aliitazama nguzo iliyotokeza kando ya ngazi, nyembamba kama paja la mtoto, imepakwa rangi ya maziwa.

Dobi alikusanya ovaroli, akazikunja moja moja kwa uangalifu kuliko siku nyingine.

"Ardhi yenyewe haijawahi kuua mtu," mpimaji alisema akizipokea. "Ukiwa katikati ya uwanja itakuangusha tu. Kinachoua ni nyumba."

Wako wanaolijua hilo bila kufundishwa. Wanakumbuka tetemeko la miaka thelathini iliyopita, soko lilipolala chini na ghala la jirani likabaki limesimama hata vioo vyake. Mtikisiko ulikuwa mmoja. Sokoni mkandarasi aliiba nondo, ghalani hakuiba. Ikasemwa ni mapenzi ya Mungu, tume ikaundwa, na ripoti yake haijasomwa hadharani hadi leo. Waliozikwa walikuwa wauza nyanya.

*

"Uko kimya," fundi saa alimwambia mkewe, dobi, walipokuwa wakila mchana. Kazi yake ni kutengeneza saa kibandani mtaa wa pili, na amezoea kusikia kitu kinapoacha kugonga.

Akawaeleza. Binti yao, aliyekuwa kidato cha pili, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akachukua spoki mbili za baiskeli kwenye kopo la baba yake na mche wa sabuni ya kufulia. Akakata mche vipande, akazisimika spoki kwenye meza ya kupigia pasi, moja akaichomeka kichwani kipande kidogo kama kete ya bao, nyingine nusu nzima ya mche. Akaishika meza na kuitikisa huku na huku.

Ya kwanza ilitetemeka kama unywele. Ya pili ilipinda kushoto, ikapinda kulia zaidi, ikapinda kushoto zaidi, na sabuni ikajibwaga sakafuni mbele ya kitanda cha bibi.

Bibi aliitazama. "Hiyo ndiyo mimi?"

"Hilo ni tangi, Bibi. Wewe uko chini yake."

"Afadhali ungenifanya tangi." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Mke wa mwanangu, wewe ndiye uliyenitwika hili dude?"

"Ni mimi, mama."

"Basi litoe."

Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Fundi saa aliokota sabuni, akaipangusa. "Wiki haijaisha tangu wakupigie makofi. Leo utawaambia nini? Na wewe mwenyewe utafulia nini? Tangi likishuka, maji yatakuwa uani. Ngazi ni hamsini na nne."

"Nimezihesabu kabla yako."

"Nasema tu."

"Unasema tu, mimi nitabeba." Ilimtoka kwa ukali asioukusudia, na mumewe akarudi kwenye sahani yake. Tangi lilikuwa limempa mkewe siku nne za kufua bila kupanda ngazi na ndoo kichwani, na alikuwa ameona jinsi alivyonyooka mgongo.

*

Jumapili alasiri aliwaita uani. Walikuja wakicheka, wakidhani kuna ushindi mwingine.

"Nilikosea," dobi alisema.

Akaeleza kama alivyoelezwa. Akasema tangi lingekaa chini, juu ya ardhi, lingekuwa akiba kweli. Kule juu ni nyundo. Alipofika kwenye nguzo, kicheko kilikuwa kimekwisha na mahali pake pamekuja kitu kibaya zaidi.

"Ngoja nielewe," alisema Kulabu. Alisimama na aproni yake, mikono kifuani. "Juzi ulitupitisha vyumbani: tieni saini, tieni saini. Tumepandishiwa kodi. Leo maji yanatoka, mke wangu anaoga bila foleni, ndiyo unatuambia tuyarudishe?"

"Ndiyo."

"Shemeji, wewe ni Mama Tangi au Mama Bila Tangi?"

Watu walikufa kwa kicheko. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya pili akadakia kwamba labda jua la kule darini limempanda kichwani. Dobi alisimama katikati yao, mikono iliyokwajuka kwa sabuni imening'inia, akasubiri wamalize. Alijua kusubiri. Walipomaliza alisema, "Nichekeni. Lakini kila mmoja apande akatazame kitako chake," akaondoka. Hakuna aliyepanda.

Jumatatu akaenda kwa Bwana Rangi peke yake. Safari hii hakukawizwa, alitolewa ile karatasi ya saini dakika ileile.

"Saini ya kwanza ni ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Nikatoe wapi tena kamba, mafundi, bomba? Mliomba wenyewe, mkapiga na makofi, nimeambiwa." Aliikunja karatasi. "Nyumba ile imesimama miaka kumi na minne. Ukimwona mtu analigusa tangi langu, nambie jina lake. Na likiwa lako, utapakia vitu vyako."

Aliporudi, mwanamke wa ghorofa ya pili alimuuliza ngazini, kwa upole wa uongo, "Amekupa nini leo, mama? Bwawa?"

*

Alikuwa akifua mashuka ya wateja, koki imefunguliwa, alipoona jambo lililokuwa mbele ya macho yake muda wote. Tangi lenyewe ni plastiki. Watu sita walilivuta kwa kamba. Kinachokaa juu ya kitanda cha mama ni maji, na maji hakuna aliyemkataza kuyatumia.

Akashuka ngazi hamsini na nne hadi bucha.

Kulabu alikuwa akipasua mbavu. Nyuma yake nusu tatu za ng'ombe zilining'inia kwenye chuma, na nyuma ya nyama, ukutani, ilikuwapo swichi ya pampu. Siku za maji yeye ndiye aliyekabidhiwa kuiwasha.

"Mama Bila Tangi. Nikupimie nini?"

"Ubavu wako unaendeleaje?"

Shoka likasita. Mtaa mzima unakijua kisa kile. Siku ya tetemeko dogo Kulabu alisukumwa na nusu ng'ombe akabamizwa ukutani, akatembea wiki ameshika mbavu, na watu wakasema amepigwa pembe na ng'ombe asiye na kichwa.

"Bado unauma nikicheka. Kwa hiyo usinichekeshe."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Hapa hapa."

"Na nyama?"

"Pale. Ilikuwa imetulia, Mungu shahidi. Nyumba ikaenda kule, nyama ikabaki hapa. Halafu nyumba inarudi, nyama ndiyo inaanza kwenda, ikanikuta." Alionyesha kwa shoka, na alipokuwa akionyesha sauti yake ilipungua.

"Nusu ng'ombe ni kilo ngapi?"

"Ile? Mia. Mia na kidogo."

"Kule juu ziko nusu ng'ombe mia moja, shemeji. Kwenye kulabu moja. Chini yake amelala mama, chini ya mama ni mzee wa chumba cha nane, na chini ya huyo ni wewe na wanao."

Kulabu aliweka shoka mezani. Aliitazama dari yake kwa muda, kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Akaigusa nusu ya karibu kwa kidole, ikaanza kubembea, akaishika kwa mikono miwili isimfikie.

"Kesho ni siku ya maji," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi kichwa changu chepesi. Naweza kusahau."

"Na kesho kutwa?"

"Nikishaanza kusahau, mama, huwa sikumbuki."

*

Asubuhi dobi aligonga mlango wa kwanza na wa mwisho na yote ya katikati. Hakutaja nguzo wala miamba. Alisema, "Leteni mablanketi. Leteni mapazia, mazulia, matandiko ya watoto. Nafua bure."

Mtu anayekataa kufuliwa bure bado hajazaliwa. Hata aliyemuuliza kuhusu bwawa alileta mapazia saba na blanketi la manyoya ambalo halijaona maji tangu harusi yake. Dobi alifua siku nne. Binti alisuuza akitoka shule, fundi saa alifunga kibanda saa nane akaja kukamua, na siku ya tatu wanawake wawili wakapanda wenyewe bila kuitwa, maana hawakupenda kukaa chini wakimtazama mtu anafua mablanketi yao. Huko juu waliona kitako cha matofali kwa macho yao. Mmoja alikisukuma kwa mguu. Tofali likacheza. Aliteremka, na jioni ile hadithi ilikuwa imefika vyumba vyote kumi na viwili.

Tangu hapo, maji yaliyotoka bombani siku za maji waliyakinga chini, kwenye mapipa yaliyopangwa uani na kufunikwa. Kila kaya pipa lake. Walibeba ngazini kwa zamu, na mzee wa chumba cha nane alibebewa. Walilalamika kila ngazi, lakini walibeba.

Bwana Rangi alikuja siku ya tano katika shati jeupe. Nyumba nzima ilikuwa imevaa mablanketi, kila dirisha, kila kamba. Alipanda, akaligonga tangi, likalia kama ngoma.

"Nani amelimwaga?"

"Halikumwagwa," dobi alijibu, vibanio vya nguo mdomoni. "Limefua. Unayaona mablanketi."

Akateremka mbio hadi bucha. "Kwa nini pampu haiwashwi?"

"Pampu?" Kulabu alisema. "Swichi hiyo hapo nyuma, mzee. Pita tu kati ya nyama uiwashe."

Bwana Rangi alizitazama nusu za ng'ombe, zimesogezwa siku hiyo karibu karibu, zinachuruzika damu. Akalitazama shati lake. "Mwisho wa mwezi naja na fundi wa kuhamisha swichi," alisema. "Na dobi ahame siku hiyohiyo. Tena aanze kufunga mizigo." Alilisema kwa sauti ya kusikika uani, na lilisikika.

Siku kumi na tano, basi. Dobi alizitumia vizuri. Mpimaji alikuja mara tatu kuwafundisha, akikataa hata chai. Akawaambia tetemeko huja kwa hatua: kwanza mshindo wa haraka, kama lori limepita karibu na ukuta, hilo ni wimbi la mbio. Nyuma yake, sekunde chache, linafuata la pole, nalo ndilo la kuyumbisha. "Hizo sekunde ni zenu. Msizitumie kukimbilia ngazi. Ngazi huvunjika mapema, na anayekimbia huangukiwa. Inameni, ingieni chini ya meza ngumu, shikeni mguu wa meza, msiachie."

Makabati wakayafunga ukutani kwa kamba za kuanikia. Vitu vizito vikashushwa sakafuni. Kitanda cha bibi kikaondolewa dirishani na kabati likatolewa kabisa chumbani.

"Mimi siwezi kuingia chini ya meza," bibi alimwambia mpimaji.

"Wewe baki kitandani, Bibi. Geuka kifudifudi, mto juu ya kichwa, mikono juu ya mto."

"Nife nimelala kama mlevi."

"Uishi umelala kama mlevi."

Bibi alimpenda kuanzia hapo. Akafanya zoezi kila siku baada ya chai, na akamlazimisha mwanawe amhesabie kwa saa. Alianza na sekunde kumi na moja. Wiki ya pili alikuwa anafika nne.

*

Lilikuja Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Siku tatu zilikuwa zimebaki mwezi uishe. Tetemeko halijui tarehe za Bwana Rangi, na lingeweza kuja baada ya miaka ishirini. Kila mtu pale angekuwa amejiandaa bure, na hakuna aliyewahi kuumia kwa kujiandaa bure.

Dobi alikuwa uani, kwenye karo jipya la kufulia walilomjengea wapangaji, lenye meza ya zege, karibu na mapipa. Lori likapita karibu na ukuta. Hapakuwa na lori.

"Chini," alipaza sauti. Kutoka dirisha moja hadi jingine alisikia wengine wakilipokezana neno: chini, chini, chini.

Mama yuko juu. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwake. Binti yuko shule, mume yuko kibandani, mama yuko juu peke yake. Miguu ilikwisha geukia ngazi, mmoja tayari uko kidatoni. Kila kitu ndani yake kilimwambia panda. Alisimama hapo kiasi cha pumzi moja, na pumzi hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko saa zote alizosimama juani kwa Bwana Rangi. Kisha akarudi, akaingia chini ya meza ya zege ya kufulia, akakumbatia mguu wake.

Ardhi ikaenda. Mapipa yalitapika maji, uwanja ulijikunja na kukunjuka, na nyumba nzima, ghorofa zote tatu, akaiona ikiinama upande wa barabara na kurudi, ikiinama na kurudi, huku rangi ya miaka kumi na minne ikimwagika kama maganda. Nguzo zilipasuka rangi kwanza. Kisha akaona nyufa zikichora alama za X kwenye zege. Kule juu kitako cha matofali kilisambaratika. Tangi likaruka, jepesi, likadunda mara mbili juu ya paa kama mpira wa watoto, likaangukia barabarani tupu, likapasuka. Ngazi ya ghorofa ya kwanza, palepale mguu wake ulipokuwa, ilikatika ikaning'inia.

Alihesabu mpaka arobaini na mbili. Kukatulia.

Nyumba ilikuwa imesimama. Imepinda kidogo, imechanika, imesimama.

Kulabu alitoka bucha na watoto wawili kwapani, nyama zote ziko sakafuni. Fundi saa aliingia getini akikimbia, mweupe kwa vumbi. Wakaleta ngazi ya mbao, wakaiegemeza kwenye kipande kilichobaki, na dobi akawa wa kwanza kupanda. Mlango wa chumba ulikuwa umekwama. Kulabu aliupiga bega.

Dari ilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, na sakafu yote ilikuwa imejaa lipu. Kitandani kulikuwa na mto uliojaa vumbi, na juu ya mto mikono miwili.

"Mama."

Mto haukusogea.

"Mama."

"Limekwisha?" sauti ikauliza chini ya mto. "Hakuna aliyeniambia limekwisha. Nimesubiri kuambiwa."

Dobi alikaa ukingoni mwa kitanda, akaweka uso wake mgongoni mwa mkwewe. Bibi aliutoa mkono mmoja, akampapasa kichwa kinyumenyume.

"Tatu," alisema. "Safari hii nimefika tatu. Muulize mwanangu kama alihesabu."

*

Walimteremsha kwa kiti, watu wanne, wakimtukana na yeye akiwatukana. Uani Kulabu alipanga kila mtu kwa chumba, akawahesabu. Akatafutwa wa chumba cha tano, akaonekana akitokea dukani. Binti alikuja na wanafunzi wenzake, wamefika wote salama. Watu arobaini na mmoja. Mmoja alivunjika kidole. Nyumba mbili za mtaa ule zilikuwa chini, na ndoo walizozoea kubebea maji ngazini zikatoka kwenda kubeba vifusi kwa jirani, kisha zikarudi kubeba maji ya kunywa, maana bomba lilikuwa limekatika mtaa mzima na mapipa yao, yaliyobaki nusu, ndiyo yalikuwa maji pekee. Walinywesha watu mpaka alasiri.

Bwana Rangi alifika saa tisa. Alilipita tangi lililopasuka barabarani bila kulitazama. Aliingia uani akaangaza akitafuta mtu wa kuzungumza naye, akamfuata fundi saa.

"Zungumza na mke wangu," fundi saa akamwambia.

Akamgeukia Kulabu. Kulabu akamnyooshea kidole dobi. Akamtafuta mzee wa chumba cha nane. Mzee akageuza kiti chake kuelekea kwa dobi. Mwanamke wa ghorofa ya pili hakungoja kufikiwa. "Yule pale," alisema, "aliyekaa kwenye beseni."

Dobi hakusimama. Mpimaji alikuwa kando yake na daftari, tayari amepiga picha kila nguzo.

"Leo tunalala kwenye mahema shuleni," dobi alisema. "Hapandi mtu humu mpaka mhandisi akague, na mhandisi tutakuja naye sisi. Nguzo zote zitazungushiwa nondo na zege, tangu chini. Tangi jipya litakaa hapa, ardhini. Mpaka hapo kodi hakuna. Na hahami mtu."

"Mama, haya mambo tutakaa tuyazungumze vizuri, watu wachache..."

"Wachache ni hawa."

Wapangaji walikuwa wamesimama na ndoo mikononi, vumbi usoni, na majirani wa nyumba zilizoanguka nyuma yao. Bwana Rangi aliwatazama, akatazama nguzo, nyufa zake nje hadharani bila kitu cha kuzifunika.

"Sawa," alisema.

"Sema tena," dobi akasema. "Mama hajasikia."

Bwana Rangi alimgeukia kikongwe kwenye kiti. "Sawa, mama. Yote. Nimekubali."

Bibi aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea chenji aliyokwisha ihesabu. Bwana Rangi alipokwisha kutoka getini, Bibi alimvuta mkamwana wake kwa ncha ya nguo.

"Nilisikia mara ya kwanza," alisema.

"Najua, mama."

"Nilitaka ajisikie mwenyewe akisema."